Msimu mzima hatujashinda hata mechi moja! Hela ya michezo chuoni kwetu Mbeya inaliwa na nani?

Wakuu, timu ya mpira ya chuo chetu imemaliza msimu bila ushindi. Hata mmoja! Tumefungwa mpaka na chuo kisicho na kiwanja, kinachoazima cha shule ya msingi.

Sasa kwenye magrupu watu wanamtukana kipa. Muacheni yule kijana. Nimekaa nyuma ya goli lake, nimeziona glavu zake: kazizungushia plasta ya kahawia, ya kulia imechanika mpaka kidole gumba kiko nje. Mvua ya Mbeya mnaijua, mpira umelowa chapachapa, inapigwa kona, mnataka adake na nini? Na mabao mengi tumefungwa kwa kona hizohizo. Mabeki wanabaki kutazamana, hakuna anayejua amkabe nani, kwa sababu hakuna aliyewafundisha. Kocha tuliyeletewa hakulipwa posho, akaondoka zake. Simlaumu.

Tangu hapo kikosi anapanga waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, na anapanga washkaji zake. Kuna mshambuliaji wa mwaka wa pili, Jumapili kwenye ndondo za mtaani watu wanajaa kumwangalia yeye. Chuoni anasugua benchi eti hana nidhamu. Kosa lake ni kuuliza nauli ya wachezaji iko wapi.

Maana hela ipo. Mchango wa michezo umeandikwa kwenye karatasi ya ada, na usipoukamilisha mtihani hufanyi. Tunalipa wote, hata wale ambao bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) halijaingia wanakopa ili walipe. Halafu mechi ya Iringa vijana wamepakiwa kwenye kosta usiku, wamebanana, wamefika alfajiri hawajalala, wamekunywa chai na chapati, saa nane mchana wako uwanjani. Kipindi cha kwanza walipambana kiume, suluhu. Cha pili miguu ikagoma, tukapigwa tatu. Aliyewaona wakitambaa kurudi kwenye gari hawezi kuwaita wavivu.

Na asije mtu hapa kusema nyanda za juu hakuna vipaji. Mbeya City walipanda Ligi Kuu 2013, msimu wao wa kwanza wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la FA 2019. Vijana wapo, wanahujumiwa.

Spika wa bunge la wanafunzi aitishe kikao kabla ya mitihani. Mapato na matumizi ya michezo yabandikwe ubaoni pamoja na risiti, na waziri asipoweza kuyaeleza aachie ngazi. Mlezi wa wanafunzi naye aseme hiyo bajeti alisaini yeye au nani.

Wanachuo wenzangu mliomo humu, mwenye nakala ya bajeti aiweke hapa. Barua ya kudai kikao nimeshaiandika, kesho nakusanya saini bwaloni.