EGR ya Prado 1KD: kusafisha, kuziba kwa bati, au kuifuta kwenye kompyuta?

Karafuu_Wete

Assalaam alaykum jamani.

Nina Prado ya 2004, injini 1KD, dizeli ya lita 3.0, imeshatembea kilomita 268,000. Njia yake kubwa ni Wete–Chake, mara moja moja Mkoani kupokea mzigo wa boti, na msimu wa karafuu ndiyo inayobeba magunia kutoka shamba. Tangu Ramadhani imechoka. Ukikanyaga inavuta pumzi kwanza ndipo iondoke, mlimani inatoa moshi mweusi, na ikisimama inatetemeka kama mtu mwenye homa.

Nimefungua mwenyewe paipu ya hewa inayoingia kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) nikachungulia na tochi. Njia ya hewa imebaki nusu. Pembeni pote ni masizi yaliyochanganyika na oili, mazito, yanang'aa. Sisi watu wa Wete tunaijua halua, lakini hii ilimshinda mpishi.

Nimeuliza mafundi watatu, kila mmoja na lake. Wa kwanza anasema fungua, safisha, rudisha. Wa pili anataka kukata bati, azibe EGR kabisa (ile valvu na njia yake inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini), "hutaiona tena". Wa tatu yuko Unguja, anataka gari ivuke bahari aiondoe EGR kwenye kompyuta ya gari. Naomba waliofanya waniambie hali ilivyokuwa baada ya miezi. Siku ya kwanza kila gari hutoka gereji inakwenda vizuri.

Dereva_Nungwi

Waalaykum salaam. Ziba tu yakhe. Mie nabeba wageni uwanja wa ndege–Nungwi kila siku na Pajero ya 4M41, lita 3.2, nimeziba mwaka wa nne huu. Nguvu imerudi, moshi umepungua, na mafuta naona inakula kidogo kuliko zamani. Taa ya injini iliwaka, P0401 (namba ya kosa la EGR), nikabandika tepu nyeusi juu yake. Mambo yamekwisha.

Fundi_Amani

Dereva, hebu nijibu kitu kimoja kabla hatujaendelea. Siku uliyoziba, manifoldi uliisafisha?

Dereva_Nungwi

Ndiyo, tuliishusha yote tukaosha na mafuta ya taa. Ilikuwa imejaa.

Fundi_Amani

Basi nguvu zako umezipata kwenye mafuta ya taa, si kwenye bati.

Ngoja nieleze kidogo, maana hapa watu wengi wanapishana. EGR inachukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye hewa inayoingia ndani. Moshi hauna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo moto ndani ya silinda unapoa kidogo. Kazi yake ndiyo hiyo tu. Na haifanyi kazi muda wote: kompyuta inaifungua unapokwenda taratibu na mguu mwepesi. Ukikanyaga mpaka chini inaifunga, kwa sababu injini inataka hewa safi yote. Kwa hiyo EGR iliyo nzima haikuibii nguvu mlimani. Anayekuambia kuziba kunaongeza nguvu kwenye gari yenye EGR nzima anakuuzia bati.

Ila kuna jambo moja nakubaliana na Dereva. Valvu ikikwama wazi kwa masizi, hapo inaiba kweli. Moshi unaingia hata usipotakiwa, gari inakosa hewa, inatoa weusi na kutetemeka ikisimama. Dalili za Karafuu zinafanana na hizo. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama valvu yako inafunga, na bati litafuata baadaye. Kama ni ya vakyumu (inayofunguliwa kwa kunyonywa hewa), chukua pampu ya mkono, vuta, utaiona inafunguka. Achia, lazima irudi mpaka mwisho. Kama ni ya mota ya umeme, mtu mwenye mashine ataiamrisha ifunguke na kufunga huku anatazama.

HardTop_Mwera

Mie nina 1HZ, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta, na yangu imekuja bila EGR. Nimejimiminia chai nasoma tu. Endeleeni.

Disko_Vitongoji

Karafuu, mie jirani yako wa Chake. Nina Discovery 300Tdi, EGR niliiziba zamani na pale hakuna tabu, pampu ni ya mekaniki, hakuna kitu cha kulalamika wala taa. Kwa hiyo ukiona watu wa Tdi wanasema "ziba, mbona rahisi", jua wanazungumzia gari nyingine na zama nyingine.

Lakini kosa langu ulisikie. Mara ya kwanza nilikata bati la debe. Wallahi, la debe! Nilikuwa na haraka. Baada ya miezi kadhaa nikasikia mlio wa kupuliza, kufungua nakuta bati limetoboka katikati, kingo zimeliwa kama karatasi iliyopita kwenye mshumaa. Kipande kilichotoka sijui kilikwenda wapi na sikutaka kujua. Ukiamua bati, liwe stenlesi, unene wa milimita 2 au 3, na gasketi mpya pande zote mbili. Aluminiamu usithubutu, inayeyuka kwenye nyuzi 660 na ekzosi ya gari iliyobeba mzigo mlimani haiko mbali na hapo.

Na mahali pa kuliweka ni muhimu. Kama gari ina kipoza-EGR, kile kinachopitishiwa maji ya rejeta, ziba upande wa manifoldi ya ekzosi, moto usifike kwenye kipoza. Ukiziba upande wa valvu, kipoza kinabaki mfuko usio na njia ya kutokea na masizi yanajaa humo.

Jingine: bolti za hapa kwetu, na chumvi hii ya bahari, zinakatika ukizitazama tu. Mwagia mafuta ya kulainisha usiku, fungua asubuhi injini ikiwa na uvuguvugu.

Bint_Malindi

Nakaa Mji Mkongwe, dirisha langu liko juu ya uchochoro ambao gari mbili hazipishani. Naomba niseme la upande huu.

EGR haikuwekwa kwa ajili ya dereva. Moto wa dizeli ukipanda sana, naitrojeni na oksijeni za hewa zinaungana, zinatoka oksidi za naitrojeni, na hizo zinachoma vifua. Ulaya kiwango cha gari ndogo za dizeli kilikuwa gramu 0.50 kwa kilomita kwenye Euro 3 ya mwaka 2000, kikashushwa hadi 0.25 kwenye Euro 4 ya 2005. EGR ni njia mojawapo kubwa ya kufika hapo. Ukiziba, moshi mweusi unaweza kupungua ukafurahi, huku ule usioonekana umeongezeka. Mwanangu ana pumu. Macho yanasema gari imekuwa safi, kifua chake kinasema vingine.

Na utasikia pia kwa masikio: injini iliyozibwa inagonga zaidi, ule mlio mkavu wa dizeli, hasa ikienda taratibu.

Dereva_Nungwi

Dada Bint, nakuelewa, ila mie barabara yangu ni Nungwi, upepo wa bahari unachukua vyote.

Bint_Malindi

Na kituo chako cha kushushia wageni kiko wapi, kaka?

Dereva_Nungwi

...Forodhani.

Hilux_Mombasa

(Mombasa ya hapa Unguja, msianze.)

Niseme la kompyuta maana limenipata. Hilux ya 1KD hiyo hiyo. Nilimpa kijana mmoja mwenye laptopu, akasoma programu ya gari, akaifuta EGR, akarudisha. Saa moja tu. Taa haikuwaka, hakuna bati, hakuna kukata bolti. Nikamsifu kila kijiwe.

Mwaka uliofuata gari ikawa haivuti, inakata nguvu njiani. Tukapima na mashine, hakuna kosa lolote. Safi kabisa. Wiki mbili tunahangaika. Mwisho fundi mwingine akagundua yule kijana hakufuta kosa la EGR peke yake. Alizima makosa mengine pia, ili taa isimsumbue mteja. Paipu ya turbo ilikuwa imepasuka na kompyuta imezibwa mdomo. Nikamwomba nakala ya programu ya asili, hana. Hakuihifadhi.

Kwa hiyo ukienda njia hii, kabla hajaandika chochote asome programu ya asili akupe nakala kwenye flashi yako. Akikataa, panda boti urudi zako Pemba.

Kijana_Fuoni

Kuna wale wanaotoboa tundu katikati ya bati, milimita 8 au 10, kompyuta inaona kitu kinapita na taa haiwaki. Si ndiyo dawa ya katikati?

Fundi_Amani

Kwenye baadhi ya gari inakubali, nimeshafanya. Lakini fikiria: tundu dogo, masizi yale yale. Siku likiziba umerudi kwenye taa. Na wapo wanaotia gololi ndani ya mpira wa vakyumu ili valvu isifunguke. Rahisi, na unaweza kuitoa kwa dakika moja, ndiyo sababu mie naitumia kama kipimo tu: tia gololi, endesha siku tatu, kama gari haijabadilika basi ugonjwa hauko kwenye EGR. Usikate kitu kabla ya jaribio hilo. Ila valvu iwe inafunga vizuri, maana iliyokwama wazi gololi haiisaidii.

Sasa Karafuu, nina maswali matatu ambayo hakuna aliyekuuliza.

Masizi peke yake ni makavu, yanapita. Yanayonata ni yaliyokutana na mvuke wa oili unaotoka kwenye injini. Oili yako inapungua? Ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, inapuliza?

La pili, nozeli, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Hizi 1KD za miaka hiyo zina ugonjwa unaojulikana wa sili za shaba chini ya nozeli. Zikivuja, gesi ya moto inapita kwenda kwenye oili, oili inakuwa lami, na chujio la kunyonyea oili kule chini kwenye sampu (bakuli la oili) linaziba. Hapo utasahau EGR, utalia injini. Nozeli zikipimwa, sili zibadilishwe, na sampu ishushwe mtazame chujio.

La tatu: mshale wa joto unakaa wapi ukifika Chake?

Karafuu_Wete

Fundi, oili inapungua kidogo, si ya kutisha. Inapuliza kidogo. Mshale haujawahi kufika katikati tangu niinunue, hukaa chini ya hapo. Mie nikajua hiyo ni neema, gari haichemshi.

Fundi_Amani

Si neema. Fungua nyumba ya themostati (kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) utazame. Nakuwekea dau la kikombe cha kahawa kwamba haimo.

Mafundi wetu wana tabia hii: gari ikichemsha mara moja, wanatoa themostati na kuitupa. Injini inakunywa maji baridi muda wote. Pemba nzima kwa urefu ni kama kilomita 67, safari zako ni fupi, injini haipati moto mpaka unaizima. Dizeli isiyopata moto haiungui yote, ndiyo masizi, na inakula mafuta zaidi. Ukisafisha bila kurudisha themostati, mwakani utachota halua nyingine.

Disko_Vitongoji

Kwenye kusafisha, ongezea: usikwangue manifoldi ikiwa juu ya injini, vipande vinaangukia ndani ya matundu. Ishushe, ziba matundu kwa matambara, na uyahesabu matambara. Usiroweke kwenye kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Inakula aluminiamu, rafiki yangu aliopoa manifoldi imekuwa kama jiwe la matumbawe.

Karafuu_Wete

Nimerudi jamani, wiki ya tano sasa.

Themostati haikuwemo. Fundi, kahawa yako iko Wete.

Valvu ilikuwa imekwama wazi kiasi cha unene wa kucha. Tumeshusha manifoldi, siku nzima, mafuta ya taa na brashi, bolti moja imekatika kama ilivyotabiriwa. Sili mbili kati ya nne za nozeli zilikuwa zinavuja, tumebadilisha zote. Chujio la sampu lilikuwa limeanza kuziba, robo hivi. Tumetia themostati mpya, na mshale sasa unakaa katikati, siku ya kwanza nilidhani inachemsha nikasimama Mzambarauni kufungua boneti.

Gari inavuta. Moshi mlimani upo kidogo tu nikiwa na magunia. EGR nimeiacha ifanye kazi. Bati la stenlesi nilishakata kabla sijabadili mawazo, liko kwenye dashibodi, litafaa siku nyingine.

Swali: kuna aliyetia kopo la kunasa mvuke wa oili?

Fundi_Amani

Tia, lakini lazima lifunge vizuri na ulimwage mara kwa mara. Kwa unyevu wa hapa utakuta maji yamechanganyika na oili, meupe kama tui, usishtuke. Ukilisahau likaziba, injini inakosa pa kupumulia na itatoa oili kwenye sili zote.

Dereva_Nungwi

Fundi, samahani. Nimeibandua ile tepu. Mashine imeleta P0401 na kosa jingine la kipima hewa, hilo sikuwahi kuliona.

Fundi_Amani

Limekuwepo chini ya tepu. Lete Jumamosi, mapema kabla ya jua.