Nilimlipa binti asuke ukili, sasa hataki hata kuushika

Mama wa Makorora
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko Tanga mjini. Binti yangu ana miaka 9. Tangu akiwa na 6, akitoka chuoni (madrasa) alasiri hukimbilia barazani kwa bibi yake kusuka ukili, ule mkanda wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Hakuna aliyemtuma. Bibi akimpa miyaa ya rangi, yale majani ya kusukia, zambarau na kijani, mtoto husahau hata chakula.

Mwezi wa Rajabu nilipata oda ya mikeka, nikamwambia nitamlipa shilingi 200 kwa kila pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Wiki ya kwanza alisuka mpaka nikashangaa. Ya pili ukili ukaanza kulegea, miyaa mipana ili pima itimie upesi. Bibi alipoufumua, mtoto akalia: "Hizo pesa zangu!" Oda imekwisha. Sasa nikimwita ananiuliza, "Shilingi ngapi?" Bibi anasuka peke yake, kanyamaza, na kimya chake kinaniuma. Nimemharibu mwanangu?

Mwalimu wa awali, Pongwe
Pole dada, hukumharibu. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett waliwachunguza watoto wa chekechea huko California, wa miaka 3 hadi 5, waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Wengine waliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe wakichora. Wengine walipewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora. Wengine hawakupewa kitu. Siku zilipopita, kalamu zikawekwa tena mezani bila ahadi yoyote. Wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungukiwa hamu. Kwa hiyo angalia ile ahadi yako ya "kila pima": mtoto alianza kujiona anasuka kwa ajili ya mia mbili.

Mkata mkonge mstaafu, Muheza
Mwanangu, hela usiilaumu yote. Nimekata mkonge miaka mingi kwa kuhesabiwa mafungu, na miiba ile hakuna aipendaye. Bila ujira nisingeamka. Tena mikeka yako inauzwa, mtoto naye ana haki yake. Mpe kitu kwa kazi inayochosha, kama kuchana miyaa na kuanika. Kusuka mwachie yeye na bibi yake.

Mama wa Makorora
Marahaba kwa ushauri, na baba asante sana, hilo la haki yake sikuliwaza. Jana sikumwita. Nilimwomba bibi aanze ukili wa zambarau. Mtoto akapita mara mbili. Mara ya tatu akasimama: "Bibi, hapo umeruka mwaa." Bibi akamwambia, "Basi kaa unionyeshe." Wamekaa mpaka adhana ya magharibi. Haujafika hata nusu pima, lakini nimeuvuta kwa vidole, umebana.