Eti "kapime macho"! Huyu bwana wa darubini hapa Kigoma anatutafuta nini?

Wakuu, nina hasira mpaka herufi zinacheza kwenye simu. Simtaji. Wa Kigoma mnamjua, na usiyemjua utamsikia kabla hujamwona: "Mara 525! Mwezi unaugusa kwa kidole!"

Jana usiku ufukweni, foleni nzima inasikia, namwambia naona uji wa sembe tu, anajibu: "Kapime macho." KAPIME MACHO!

Darubini yenyewe kioo cha mbele milimita 70, urefu wa fokasi (toka kioo hadi miale inapokutana) milimita 700. Imeandikwa kwenye bomba, hata mtoto wa darasa la pili anasoma. Katia lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4: 700 gawa kwa 4, ukuzaji ni mara 175. Hapo tu keshavuka mpaka, maana kioo cha mbele kinabeba ukuzaji wa mara mbili ya milimita zake, yaani 140, na hiyo ni usiku ambao hewa imetulia. Bwana hajashiba. Kachomeka Barlow, lenzi ya kuongezea ukuzaji, ya mara 3, ya plastiki: 175 mara 3, ndiyo hiyo 525 yake. Picha ikitanuka mara tatu kwa upana na mara tatu kwa kimo, mwanga uleule unagawanywa kwenye eneo kubwa mara tisa. Giza. Halafu mimi ndiye nikapime macho.

Barlow si mganga, jamani. Ni lenzi iliyobonyea katikati, inachelewesha miale kukutana, fokasi inakuwa kama imerefuka. Basi. Ambacho kioo cha mbele hakikukamata, Barlow haikileti. Milimita 70 kwenye Mwezi haikutenganishii kitu kidogo kuliko kilomita 3 hivi, naye anawaambia watoto wataona bendera ya Wamarekani. Bendera ya kilomita 3 ilishonwa na fundi gani?

Na bado! Barlow kaiweka kabla ya kile kiwiko chenye kioo, badala ya kuichomeka ndani ya kiwiko kisha lenzi ya jicho juu yake. Ikikaa mbali na lenzi ya jicho ukuzaji unapanda tena, kwa hiyo hata hiyo 525 anayoitangaza ni uongo, imezidi. Stendi miguu ya korongo: ukigusa skrubu ya fokasi inatetemeka, na kwa ukuzaji ule sayari inakatiza kioo kwa sekunde ishirini na kitu. Stendi ikija kutulia, Sumbawanga wameshaitazama na imeshavuka ziwa kwenda Kongo.

Kapime macho. Nyie!

Kijana wa Gungu: Insha yote hii na swali hujajibu. Ulipima?

Mwisho wa Reli: Sumbawanga iko kusini, mkuu, na sayari zinaelekea magharibi. Na ramani nayo ukapime.

Asali Mbichi, Tabora: Jamaa kakosea, ila Barlow msiionee. Chukua ya mara 2, yenye vioo viwili vilivyogandishwa, siyo plastiki moja inayotia rangi ya zambarau pembezoni. Kwa darubini hiyohiyo lenzi ya 25 inatoa 28, na Barlow 56. Lenzi ya 10 inatoa 70, na Barlow 140, pale pale kwenye mpaka. Ila kama unazo 20 na 10, fikiri kwanza: 20 na Barlow ni 10 ileile, umenunua ulichonacho. Anza bila Barlow, lete Mwezi katikati, fokasi, ndipo uchomeke na kufokasi upya, maana lazima ihame. Ukiona uji, punguza. Pete za Zohali zinaonekana hata kwa mara 30.

Mleta uzi: Barlow sijaionea, namsema YULE. Ungeisikia ile sauti. "Kapime macho."

Kijana wa Gungu: Kwa hiyo hujapima.

Karabai: Halafu jana mwezi ulikuwa mpevu, jua linaupiga usoni, vivuli hakuna. Hata na darubini nzuri ungeona sahani. Mashimo yanaonekana vizuri siku ya saba au ya nane, pale mwanga unapokutana na giza. Sisi wavuvi mwezi tunaujua, ndiyo maana saa hizi tuko nchi kavu.

Mama Chanja: Ndiyo maana dagaa hawashikiki bei! Na wachache waliopo ni wale wa kuanikwa mchangani. Kilo moja, robo ni ufukwe.

Kijana wa Gungu: Yule muuzaji (mnamjua) nikimwambia wana mchanga ananijibu eti meno yangu mabovu.

Mama Chanja: Waliokaa kwenye chanja upepo unawapita juu na chini, wanakauka vizuri. Hao wa mchangani loweka maji ya uvuguvugu, waopoe kwa mkono, usimimine sufuria, mchanga umetuama chini. Rudia mara tatu.

Asali Mbichi, Tabora: Huku kwetu wanachanganya asali na sukari guru mchana kweupe, nyie mnalilia mchanga?

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa darubini.

Karabai: Giza likirudi tunaingia ziwani. Mkuu, wewe nikuwekee kilo ngapi?