Tupeane uzoefu: kitabu cha "kisa cha kweli" cha ugonjwa wa akili, kumbe kimepikwa

Mtoa mada: Wakuu, nani mwingine aliingizwa mjini na Sybil? Dada wa Kimarekani mwenye nafsi 16, kitabu cha 1973. Nilikesha nacho nikilia. Kumbe mgonjwa mwenyewe, Shirley Mason, alimwandikia daktari wake Cornelia Wilbur mwaka 1958 akikiri kwamba nafsi hizo hazipo, alidanganya. Daktari akasema anakwepa tiba tu, mambo yakaendelea. Mwandishi wa habari Debbie Nathan aliyafukua yote 2011. Leteni vyenu.

Binti Pwani: Mimi niliingizwa mjini na mwandishi wa Kimarekani James Frey na kitabu chake cha kuacha unga. Mdogo wangu alikuwa soba hausi, na baba mdogo akawa anamsimanga: mwenzio katibiwa meno bila ganzi, wewe arosto tu unalia! Januari 2006 ilishabainika kwamba ile miezi karibu mitatu aliyoandika kwamba alikaa jela ilikuwa saa chache. Mchapishaji akakubali kurudisha hela, sharti uchane ukurasa wa 163 uutume. Baba mdogo hajarudisha hata neno moja.

Mchambuzi: Chuoni tulikaririshwa utafiti wa mwanasaikolojia Rosenhan, 1973: watu 8 wenye akili timamu wanadai kusikia sauti, wote wanalazwa hospitali za wagonjwa wa akili. Niliijibia mtihani. Mwandishi wa habari Susannah Cahalan akaja 2019 akaonyesha kwamba kwenye faili la hospitali Rosenhan mwenyewe, alipojifanya mgonjwa, aliwaeleza madaktari dalili nyingi kuliko alizoandika. Mshiriki mwingine aliyeipenda wodi akaondolewa kwenye hesabu! Hapo ndipo nilipochoka. Kosa la kumbukumbu naelewa, ila kumtoa mtu kwa sababu jibu lake halikupendezi?

Mama K: Nina bipolar, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, naenda kliniki. Nyumbani tayari wapo wanaosema najifanya ili nisifue. Habari hizi zikitoka, nanyooshewa kidole mimi, mwandishi yuko kwake anakula. Lakini mtoa mada, huyo Shirley usimtupie mawe. Alikuwa mgonjwa kweli, akachomwa pentothal, dawa ya usingizi, mara kwa mara mpaka akaitegemea. Mtu wa hivyo utamdai ukweli gani? Na barua aliandika.

Mtoa mada: Nimekupata dada. Ila hela si alikula?

Mama K: Walikula watatu: yeye, daktari na mwandishi, Flora Schreiber. Walifungua kabisa kampuni ya kugawana mapato. Daktari kuwa na hisa kwenye ugonjwa wa mgonjwa wake, hapo ndipo pa kupigia kelele.