Nimeita fundi arudishe sleti nane, kaniachia paa lenye sleti 21 mbovu na silikoni kila kona

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkikuta herufi zimekaa vibaya mnivumilie.

Paa la nyumba yangu ni la sleti. Sizungumzii vigae vya udongo, wala vya saruji, wala lile bati linalokunjwa lifanane na kigae. Ni jiwe lenyewe, limepasuliwa tabaka kwa tabaka mpaka likawa bapa, likatundikwa juu ya papi, zile mbao nyembamba zinazolazwa kwenye paa. Limekuwepo kabla sijazaliwa. Upepo ukavuma siku mbili mfululizo, sleti nane zikachomoka. Mbili zilianguka zikasagika chini, sita ziliteleza zikabaki juu, moja ikiwa imejichomeka kwenye gata. Chumbani maji yakaanza kudondoka tone moja moja. Sleti nane. Ishikeni hiyo namba.

Nikaita fundi. Kaja na kijana wake, nyundo ya kawaida, kopo la misumari ya chuma na mirija mitatu ya silikoni. Hakubeba ngazi ya paa, ile yenye ndoano ya kushika kileleni ili uzito usikae sehemu moja. Kapanda akatembea juu ya sleti kama anavuka kiwanja cha mpira. Mimi chini nasikia tak, tak, tak, nikajua jamaa anachapa kazi. Kumbe ni viatu vyake vinapasua jiwe! Saa mbili baadaye kashuka anajifuta mikono: "Bosi, pale hata kimbunga kije hakitoi kitu." Nikalipa. Hapo kosa ni langu na sitaki kulikwepa, nililipa kabla mtu yeyote hajapanda kukagua.

Mvua ya kwanza tu, chumba kile kile kinavuja, na cha pili yake nacho kimeanza, ambacho hakijawahi kuvuja tangu nianze kuishi humu.

Nikampigia. Jibu lake: "Bosi, jiwe ni jiwe, haliwezi kuvuja, angalia labda ni jasho la ukuta." Jasho la ukuta linalojaza beseni! Nilipokazana akabadilisha wimbo: "Hilo paa limezeeka, libomoe uweke bati." Yaani umeharibu wewe, dawa nibomoe mimi.

Ikabidi nitafute mtu mwingine. Nikampata mzee mmoja ambaye kazi yake maisha yote ni sleti, na ndiye aliyenifungua macho, kwa hiyo mengi nitakayoeleza hapa ni yake. Kitu cha kwanza hakupanda nje. Aliingia darini na tochi, akakaa humo karibu saa nzima. Alipotoka akaniuliza, "Yule aliyetangulia alikuuliza kwa nini zile nane zilichomoka?" Nikajaribu kukumbuka. Hakuuliza! Kaja, kaona nafasi tupu, kajaza.

Mzee akanionyesha sababu kiganjani. Msumari wa zamani, wa chuma, umelika na kutu katikati mpaka umebaki kama sindano. Kichwa kizima, ncha nzima, kiuno hakipo. Jiwe liko salama kabisa, mbao ziko salama, kilichokufa ni msumari. Anasema kwenye mapaa ya zamani mara nyingi hadithi ndiyo hiyo. Sleti nzuri inaishi kuliko chuma kilichoishikilia. Nikaenda kusoma, nikakuta kiwango cha Marekani, ASTM C406, kinaipa sleti ya daraja la S1, yaani la juu kabisa, maisha ya zaidi ya miaka 75. Sasa jiwe la umri huo unalifunga kwa msumari wa chuma usio na kinga wa nini? Ndiyo maana wenye akili hutumia misumari ya shaba, au ya chuma cha pua. Na yule bwana wangu alitumia nini? Chuma kile kile kilicholiangusha paa, tena kipya, kinang'aa, kinasubiri zamu yake ya kuoza.

Lakini aina ya msumari ni dhambi ndogo. Dhambi kubwa ni pale alipoupiga.

Nieleze kidogo paa hili linavyofanya kazi, maana hata mimi nilikuwa sijui. Sleti inatobolewa matundu mawili, inatundikwa kwenye papi. Safu ya juu inakuja kufunika matundu hayo na kuziba ule mwanya kati ya sleti na jirani yake. Safu ya tatu inapanda mpaka inaifunika tena kidogo ile ya kwanza, na kipimo cha kawaida cha huko kupandana ni kama milimita 75, paa likiwa la mteremko mdogo linahitaji zaidi. Maana yake popote utakapogusa kuna mawe mawili, na sehemu nyingine matatu. Hakuna msumari hata mmoja unaoonja mvua.

Sasa sleti moja ikitoka katikati ya paa, pale pa kugonga misumari pameshafunikwa na zile za juu. Huwezi kupafikia. Fundi anayejua ana njia zake, nitazisema. Wangu yeye kazichukua zile sita zilizoteleza na mbili mpya alizokuja nazo, kazisukuma mahali pake, kisha kagonga msumari USONI, katikati ya sehemu iliyo wazi, mvua inapopita. Na kwa kuwa chini ya hiyo sleti kuna nyingine, msumari mmoja umetoboa mawe mawili, kwingine matatu. Alikuja kuziba nafasi nane, kaacha matundu zaidi ya 16, kisha kayapaka silikoni.

Tena kavikaza vichwa vya misumari mpaka mwisho, kwa nguvu zote. Mzee alicheka hapo, mimi nilikuwa sina hali ya kucheka. Sleti haikandamizwi. Inaning'inia kwenye msumari kama picha ukutani, kichwa kinagusa jiwe bila kulibana. Ukikaza, unalipasua hapo hapo, au unaliachia ufa ambao utafunguka baadaye. Ukiacha kichwa kimechomoza, nacho kinaikwaruza sleti ya juu yake mpaka kinaitoboa.

Ile silikoni ndiyo iliyonikera kuliko vyote. Kapaka pia ukingo wa chini wa sleti, anaunganisha safu na safu kama mtu anayebandika bahasha. Nilipomuuliza kwa simu akasema hiyo ni "ulinzi wa ziada". Sikilizeni, paa la sleti halikatai maji yasiingie kabisa kati ya jiwe na jiwe. Maji kidogo ya upepo yanaingia, yanateremka juu ya sleti ya chini, yanatoka ukingoni. Ukiuziba ukingo umeyafungia ndani, yanakaa, yanatafuta papi. Na baada ya miaka michache silikoni yenyewe inabanduka kwenye jiwe lenye vumbi, isipokuwa kule ambako ungetamani ibanduke. Lami nayo ni hivyo hivyo, kwa wale mnaotaka kunishauri lami.

Zile mbili mpya nazo, ni nene kuliko wenzake. Safu iliyozipanda imeinuka, kuna mwanya unaoingiza vidole viwili. Upepo mwingine ukija ndipo utakapoanzia kunyanyua. Moja mzee aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikatoa sauti ya kitu kilichokufa, duf. Akachukua nyingine ya zamani akaigonga, ikalia kama kikombe cha kaure. "Hii ilikuja na ufa tangu alikoitoa," akasema. Kipimo cha kifundo cha kidole, hakihitaji umeme wala shahada, na fundi wangu hakukifanya.

Hesabu ya mwisho: nane alizozigusa zote zimeharibika, na 13 zilizokuwa nzima zimepasuka pale alipokanyaga. Ndiyo hiyo 21.

Nilikaa chini siku mbili nikimwangalia mzee akifanya kazi ile ile, nikazidi kuumia. Ana chuma kirefu chembamba kama upanga, nchani kina ndoano. Anakipenyeza chini ya sleti mbovu, anapapasa mpaka kinashika msumari uliofichika, anagonga mpini kwenda chini, msumari unakatika au unakuja nao. Sleti inatoka bila jirani kutikisika. Kisha anachagua nyingine yenye unene ule ule, anaitelezesha juu. Ya kuishikilia anatumia kulabu ya chuma cha pua: anaigonga kwenye papi kupitia ule mwanya kati ya sleti mbili za safu ya chini, anapitisha sleti mpya juu yake, anaishusha ikae kwenye kulabu. Unachokiona kwa nje ni kincha kidogo tu. Sehemu nyingine alipiga msumari mmoja wa shaba kwenye mwanya wa safu ya juu, akausukumia kipande cha bati la shaba kilichopindwa kidogo ili kijikaze chenyewe na kufunika tundu. Hata kutoboa kuna adabu yake, anatobolea upande wa mgongo, ili jiwe limeguke kibonde usoni na kichwa cha msumari kikae humo. Mrija wa silikoni? Sikuuona.

Najua kuna watakaosema si ungepanda mwenyewe. Sleti ikilowa inateleza kama sabuni, na hata ikiwa kavu mimi mwenyewe ningeongeza nyingine 13. Nilichotakiwa kufanya ni kuangalia mkononi mwake siku ya kwanza. Mtu anayekuja kwenye sleti bila kile chuma cha ndoano na bila ngazi ya paa, ni fundi wa kitu kingine.

Upande ule mzima mzee anasema misumari imefika mwisho, kwa hiyo zitashushwa zote, zigongwe moja moja zipimwe kwa sauti, nzima zirudishwe kwa misumari ya shaba. Hilo nimelikubali, lingekuja tu. Yule wa kwanza nilimtumia picha ya zile sleti na kudai pesa yangu. Amesoma, kanyamaza siku tatu, kisha kaniuliza kama mirija ya silikoni iliyobaki bado ninayo, eti anaihitaji kwa kazi nyingine. Kazi nyingine!

Kilichonileta hapa hasa ni hiki. Darini, karibu na dohani, alipuliza povu lile linalovimba na kukauka, upande wa chini wa sleti, eti lizishike. Hakuniomba ruhusa, nimelikuta siku mzee anaingia na tochi. Limekamata kama sleti 30 hivi pamoja na papi zake, hewa haipiti, na mbao hapo zimeanza kuwa na unyevu. Mzee anaogopa kwamba wakati wa kushusha zile sleti zitatoka vipande, kwa sababu povu limeingia mpaka kwenye mianya. Amejaribu kisu kirefu kwenye sleti mbili, moja ikapona, nyingine ikavunjika pembe.

Kama kuna mtu humu aliwahi kubandua povu la namna hiyo kwenye sleti za zamani bila kuzipasua, aniambie alitumia nini na alianzia wapi, juu au chini. Tunaanza kushusha mvua ikikatika.