Mifumo mitano, mgonjwa mmoja: madai ya bima yanarudi kila mwezi, naombeni ushauri

Karani wa Zamu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Niko kitengo cha takwimu kwenye hospitali moja ya vitanda kama 60. Jina silitaji na mkoa siutaji, maana humu kuna kila mtu. Mapokezi na malipo wana mfumo uliofungwa na kijana ambaye siku hizi hapokei simu. Maabara wana wa kwao, ulikuja na mashine. Duka la dawa wanatumia Excel. Bima wana dirisha lao la madai ambalo tunajaza kwa mkono. Halafu kuna vitabu vya MTUHA, zile rejista za takwimu za huduma za afya, ambavyo kila mwezi tunakaa na kalamu na kikokotoo, tunajumlisha, ndipo tunaingiza DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya za nchi nzima. Mgonjwa mmoja wa malaria akitoka getini na dawa zake, jina lake limeshaandikwa mara tano na watu watano.

Mwezi uliopita bima wamerudisha madai 47. Nimekaa nayo siku tatu. Mengine ni Mwanaidi wa mapokezi kuwa Mwanahidi wa maabara. Mengine namba ya kadi imeliwa sifuri ya mbele. Ila kuna moja ndilo limenileta hapa. Mama kalazwa Alhamisi saa 12 jioni, lakini kwenye kompyuta mtoto kazaliwa Alhamisi hiyohiyo 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Mtoto katangulia hospitali kumsubiri mama yake! Mkaguzi wa bima kaandika pembeni neno moja tu: "Fafanua." Nifafanue nini jamani?

Mganga mfawidhi anataka tununue mfumo mmoja mpya unaofanya kila kitu, kuna kampuni ilikuja kuonyesha na ikaleta vitafunwa. Mhasibu anasema hela hakuna. Mimi ndiye nimeambiwa nishauri, na kompyuta nimesoma ngazi ya cheti tu. Tununue, tuunganishe tulivyonavyo, au tuendelee kuumia?

Nawasilisha.

---

Pweza Kavu

Vitafunwa vilikuwa sambusa au keki? Kama ni keki, ujue imeshaingizwa kwenye bei 😂

---

Fundi Kebo

Pole sana mleta uzi. Kazi yangu ndiyo hiyo, kuunganisha mifumo isiyosalimiana. Msinunue kwanza. Mfumo mpya ukiingia kwenye nyumba ambayo Mwanaidi ana majina mawili, utakuwa na Mwanaidi wawili ndani ya mfumo wa bei mbaya.

Chukua karatasi ya manila. Chora mgonjwa anaanzia wapi na anaishia wapi, na kila mshale uandike vitu vinne: taarifa gani inapita, inapita kwa njia gani (karatasi, flashi, kupiga kelele dirishani), inapita saa ngapi, na ikikosewa nani anairekebisha. Hicho cha mwisho ndicho utakuta hakina jibu. Nimefanya zoezi hili sehemu nyingi na kila mara kuna mshale ambao ukiuliza "huu wa nani?" watu wanatazamana.

Halafu namba moja ya mgonjwa. Itolewe mapokezi, iandikwe kwenye kadi na kwenye fomu ya maabara, iandikwe hata juu ya kikopo cha sampuli ya choo. Maabara wasitafute mtu kwa jina, watafute kwa namba, jina liwe la kuhakikisha tu. Ukifanya hili peke yake, bila kununua chochote, sehemu kubwa ya hayo 47 hutayaona tena.

---

Nyundo

Mnazunguka sana. Tumieni namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mchezo umeisha. Kila mtu anayo.

---

Fundi Kebo

Nyundo, mtoto aliyezaliwa Alhamisi anayo? Mgonjwa aliyeletwa na bodaboda hajitambui anayo? Iweke kama taarifa mojawapo, lakini usiifanye ufunguo wa mlango.

Halafu kuna mtego ambao naomba kila karani humu aujue. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiona namba, inashika tarakimu 15 tu, zinazobaki inageuza sifuri. Ukiandika namba ya NIDA bila vistari kwenye kisanduku cha kawaida, kwanza inakugeuzia kitu kama 1.99E+19. Unapanua kolamu, unaona namba ndefu, unafurahi, kumbe tarakimu tano za mwisho zimeshakufa na hazirudi. Na kwa kuwa namba inaanza na tarehe ya kuzaliwa, watu waliozaliwa siku moja na kujiandikisha sehemu moja wanaweza kufanana kabisa. Nimeshaona orodha ambayo namba zote ziliishia 00000 na hakuna aliyeshtuka kwa muda mrefu.

Dawa yake: kabla hujaandika chochote, kolamu ya namba ifanye iwe ya maandishi. Hiyohiyo inaponya na sifuri ya mbele ya kadi za bima na za simu.

---

Mama Rejista

Hodi humu. Mimi ni mkunga mstaafu, zamu za usiku nimefanya mpaka nywele zimeota mvi. Huyo mtoto wako, mwanangu, hakutangulia popote.

Alizaliwa saa nane usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mkunga ameingia zamu Alhamisi jioni, ukurasa wake wa kitabu cha 12 ameshauandika Alhamisi juu kabisa, na kwake yeye usiku ule wote ni Alhamisi mpaka akabidhi zamu. Akaandika saa kama anavyoitamka: 8:00. Hakuandika "usiku" kwa sababu nani asiyejua kuwa ni usiku, taa zinawaka. Asubuhi kijana wako wa takwimu akakaa mbele ya kompyuta, kompyuta inahesabu tangu saa sita ya usiku, akaingiza 08:00, Alhamisi. Hapo mtoto amerudishwa nyuma saa kumi na nane.

Nenda kafungue kitabu uone kama sijasema kweli. Na angalia na tangazo la kizazi alilopewa mama, maana kama nalo limenakiliwa kutoka hapohapo, mtoto atasoma mpaka atahitimu na tarehe isiyo yake.

---

Karani wa Zamu

Mama Rejista, shikamoo. Nimeshuka wodini sasa hivi. Ni hivyohivyo ulivyosema. Imeandikwa "8:00", na mstari wa juu yake kuna mtoto mwingine "4:30", huyo naye sasa nina wasiwasi naye.

---

Mama Rejista

Marahaba mwanangu. Wa saa 4:30 muulize mkunga mwenyewe leoleo kabla hajasahau.

---

Mzee wa Mafaili

Natia neno. Nilikuwa benki miaka ishirini na kitu, upande wa kupokea mafaili ya mishahara kutoka kwa waajiri. Hamjagusa suala la kutuma na kupokea.

Faili halitumwi kama barua ya mapenzi, unatuma kisha unasubiri kwa matumaini. Linatumwa na hesabu zake: mistari mingapi, jumla ya fedha kiasi gani, fungu namba ngapi. Anayepokea anahesabu upya na kujibu: nimepokea mistari 212, jumla ni hii. Zikipishana hata kwa mmoja, hakuna kinachoingia. Mlipokuwa mnapeleka hayo madai, kuna mtu aliyewajibu mangapi yameingia? Au mlijua yamerudi baada ya mwezi?

Msidhani hili ni la hospitali ndogo tu. Uingereza, mwaka 2020 katikati ya Korona, waligundua kuwa wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na wafuatiliaji wa waliokutana nao wakachelewa kupata majina. Majibu ya maabara yalikuwa yakipitishwa kwenye faili la Excel la aina ya zamani, la xls, ambalo halibebi zaidi ya mistari 65,536. Lilipojaa, yaliyozidi yakaachwa nje kimyakimya. Kuhesabu mistari huku na kuhesabu kule kungetosha kuwaamsha siku ya kwanza.

La pili, kila dai liwe na namba yake isiyojirudia, na namba hiyo ibaki ileile hata mkituma tena. Umeme utakatika katikati, hamtajua limefika au halijafika, mtatuma upya. Kama namba ni ileile, mpokeaji anajua ni lilelile. Kama kila ukituma inazaliwa namba mpya, mtadai mara mbili, na hapo mkaguzi hatasema tena "fafanua", atasema jambo lingine.

---

Helsinki Baridi

Wakuu, huku niliko na majirani zetu wa Estonia kuna kitu kinaitwa X-Road. Estonia walianza nacho 2001. Hakuna ghala moja la taarifa za watu wote. Kila taasisi inabaki na taarifa zake, ikihitaji ya mwenzake inaiomba kupitia njia iliyolindwa, ombi linatiwa saini ya kidijitali na linabaki kwenye kumbukumbu. Mwananchi haulizwi anwani yake mara kumi na ofisi kumi. Finland nao wakaichukua, na tangu 2017 nchi hizi mbili zina taasisi ya pamoja inayoiendeleza. Hospitali ianze kufikiria hivyo.

---

Pweza Kavu

Mkuu hapo duka la dawa wana Excel na kalamu. Unawapelekea X-Road wataipaki wapi?

---

Shee wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Msimcheke ndugu wa Helsinki, wazo lake lina maana hata kama chombo ni kikubwa. Kila taarifa iwe na mwenyewe mmoja. Jina na tarehe ya kuzaliwa ni mali ya mapokezi, wengine wote wanasoma tu. Jibu la kipimo ni mali ya maabara. Maabara wakiona jina limekosewa hawalirekebishi kwao, wanapiga simu mapokezi. Hilo halihitaji seva, lahitaji watu kukubaliana.

Sisi Kenya tuliisambaza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na hadi leo utapata kituo ambacho mambo yote yako sawa isipokuwa majina ya vipimo. Kipimo kimoja cha malaria, huyu aandika mRDT, yule "malaria rapid", mwingine "MP kit". Kompyuta yaona vipimo vitatu. Dada, tengeneza jedwali dogo la kolamu mbili: kushoto kila jina ambalo watu wenu hulitumia, kulia jina moja mlilokubaliana. Kwa magonjwa usijitungie, tumia misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa. Presha ya kupanda ya kawaida ni I10, malaria isiyothibitishwa aina yake ni B54. Siku mkiunganisha na mfumo wowote duniani, jedwali hilo ndilo litakalowaokoa.

Na mkija kununua, swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulize: nikitaka kuondoka, taarifa zangu naondoka nazo vipi? Na una mlango wa API, yaani wa mfumo mwingine kuchukua na kuleta taarifa wenyewe? Nipe maelezo yake niyasome. Akisema "tutaangalia", mle sambusa zake mumuage.

---

Kifungu cha Tano

Mimi nimesoma uzi wote nasubiri mtu aguse sheria. Dada, orodha za wagonjwa mnazipitisha wapi kati ya idara?

---

Karani wa Zamu

Ukweli? Kuna grupu la WhatsApp la wakuu wa vitengo.

---

Kifungu cha Tano

Nilijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya hapa Tanzania ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya ni taarifa nyeti. Ile picha ya ukurasa wa rejista iliyopigwa na simu ya mtu, ikaingia kwenye grupu lenye watu kumi na nne, wawili wao walishahama kazi, huwezi kuieleza mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Fungeni hilo wiki hii kabla ya mambo ya API. Na bima, muwe na makubaliano ya maandishi: nini kinatumwa, kwa kazi gani, kinakaa muda gani. Mtume kinachohitajika kulipa dai, basi. Nimeona watu wanatuma faili zima la mgonjwa, pamoja na majibu ya vipimo visivyohusika kabisa na dai, kwa sababu tu kukata kolamu ni kazi.

---

Nyundo

Kwa hiyo jibu ni asinunue? Maana mmeandika sana.

---

Fundi Kebo

Anunue baadaye. Kwanza namba moja ya mgonjwa, jedwali la Shee, hesabu za Mzee wa Mafaili, grupu lifungwe. Baada ya miezi mitatu atajua anataka mfumo ufanye nini, na sasa hivi hajui, na kampuni ya vitafunwa inajua kuwa hajui. Na yule kijana asiyepokea simu atafutwe kwa udi na uvumba, nywila za seva ziko kwake.

---

Karani wa Zamu

Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi.

Manila imebandikwa nje ya ofisi ya mganga mfawidhi. Kwenye mishale kumi na mmoja, minne haina mwenyewe. Alisimama pale akaitazama muda mrefu, hakusema kitu, ila kikao na kampuni kimeahirishwa. Grupu limefungwa, kuna walionuna. Kijana wa mfumo amepatikana, kumbe alibadilisha namba tu, na nywila ametoa. Kati ya yale 47, 31 nimeyarekebisha kwa kulinganisha namba na yameshapokelewa, na safari hii nimeomba jibu la idadi na wamenijibu kwa barua pepe. Tangazo la kizazi la yule mtoto lilikuwa na Alhamisi kweli. Mama amefuatwa kwao, bahati nzuri alikuwa hajaenda kuchukua cheti.

Wodi ya wazazi tumekubaliana waandike saa kwa mtindo wa 24, na saa kubwa ya ukutani nimeichora namba za pili kwa kalamu nyekundu. Usiku wa kwanza nikapigiwa simu nimelala. Mtoto ametoka saa sita kamili, mkunga anataka kujua ni 24:00 ya Jumanne au 00:00 ya Jumatano, na wenzake wawili wanabishana pembeni yake.

Nilimwambia 00:00, Jumatano. Mama Rejista, nilikuwa sahihi?

---

Mama Rejista

Ulikuwa sahihi mwanangu. Mtoto ana kilo ngapi?