Naomba ushauri: kigari cha shamba hakiwaki kwenye baridi ya -35

Wakuu habari zenu, niko Alberta huku Kanada, nafanya kazi kwenye ranchi ya ng'ombe na tunatumia vile vigari vidogo vya fo-wili vya kupita porini. Sasa baridi ikishuka chini ya -30 starta inazunguka kizito mara mbili tatu halafu inakata, na ng'ombe wanasubiri nyasi jamani, hawajui habari ya betri. Oili nimeshaweka 0W-40 sinthetiki, betri usiku naichomoa naingiza ndani maana kwenye -18 tu betri ya asidi inabaki na karibu nusu ya nguvu yake, hapo imesaidia kiasi.

Kikiwaka nako mkanda wa klachi (ule wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) umekakamaa, ukikanyaga mafuta mapema unateleza na harufu ya mpira inakuja, kwa hiyo nakiacha kingurume kwanza.

Ninachoomba kwa waliokaa kwenye baridi hizi, ninunue hita ya kubandika chini ya sampo (bakuli la oili la injini) au ile ya kupasha maji ya injini? Na pia ule mpira wa kupumulia injini, unaotoa hewa na mvuke wa ndani, naukuta na barafu mdomoni, naogopa presha isije ikatoboa sili zinazozuia oili kuvuja, mnauzungushia nini?